Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nairobi

Ndugu wanachama,

Kama katiba ya chama chetu inavyoagiza, naweka mbele yenu taarifa ya mwaka unaokwisha. Mambo ya fedha yamo katika taarifa ya mweka hazina, nami sitayarudia. Nitashughulikia lile lililotushika zaidi, yaani ushirikiano wa serikali za kanda hii na mashirika ya kiraia katika kukabiliana na maafa.

Kwa upande wa utabiri, ushirikiano huo si haba. Kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya serikali za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichoko Ngong na kiitwacho ICPAC, huwakutanisha wataalamu wa nchi za kanda mara tatu kwa mwaka, kabla ya kila msimu, wakatoa utabiri wa pamoja. Hakuna nchi inayojitosheleza katika hili. Mvua za masika za mwaka 2024 zilizofurika mitaa ya Mathare na Mukuru hapa Nairobi zilileta maafa Tanzania na Burundi pia, na ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikausha malisho ya Kenya, Ethiopia na Somalia kwa misimu mitano mfululizo.

Tahadhari hukwama baada ya kufika ofisini. Katika kikao kimoja na wakazi wa kando ya mto, msimamizi wa ploti alituuliza hivi: akiwaamsha wapangaji usiku wahame, nani atalinda magodoro, mitungi ya gesi na cherehani watakazoziacha? Afisa aliyekuwapo hakuwa na jibu, na kusema kweli sisi pia hatukuwa nalo siku hiyo. Watu hawadharau tahadhari. Huogopa kuibiwa, na hawajaonyeshwa mahali pa kulala. Tangu hapo kamati zetu za mitaa zimekubaliana na mabalozi wa Nyumba Kumi kuhusu zamu za ulinzi, na viongozi kadhaa wa makanisa na misikiti wameridhia majengo yao yafunguliwe mapema. Kazi ya namna hii hakuna wizara itakayoifanya kutoka mbali, ingawa Mwongozo wa Sendai wa 2015, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza hatari za maafa, umezitaka serikali kuwashirikisha wananchi na mashirika yao, na kufikisha tahadhari kwa watu wengi zaidi ifikapo 2030.

Liko suala la fedha ambalo naona hatujalipa uzito. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, ambayo malipo yake kwa mwaka wa fedha hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti, lakini matumizi yake ni kwa mahitaji ya haraka ambayo hayakutarajiwa. Mafuriko yaliyokwisha kutabiriwa ni vigumu kuyaita yasiyotarajiwa. Kwa hiyo maturubai, vipaza sauti na kuzibua mitaro ni mambo ya kudaiwa katika bajeti ya kawaida, na huko ndiko mashirika ya kiraia huonekana kwa nadra. Tumezoea kualikwa warshani wakati nyaraka zimekwisha kuandikwa.

Waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti, unaoelekeza bajeti hiyo, hupaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, siku chache kabla ya masika. Kamati Tendaji inaomba kila tawi liwasilishe maoni yake kwa katibu kabla ya mwisho wa Januari, yakitaja mtaa, mtaro na jengo linalokusudiwa, ili tuyapeleke kaunti yakiwa memoranda moja.