Mtungi Uliorudi na Lakiri Yake

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tabata alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Baba yake alikuwa ameshazikwa, na bili ndiyo ilikuwa inamuuma: amelipia mtungi wa oksijeni wa akiba miezi miwili, na umerudi stoo na lakiri yake. "Mmetuuzia hewa." Pole sana dada. Malalamiko haya tunayasikia karibu kila mwezi, acha leo nijibu.

Mashine ya oksijeni tunayokodisha kwa wagonjwa wa tiba shufaa (ya kupunguza mateso, si ya kuponya) haihifadhi oksijeni. Inachuja hewa ya chumbani, na kazi hiyo inakula takribani wati 350 usiku na mchana. Umeme ukikatika, nayo imezima. Hapo ndipo mtungi wa akiba unaingia: wetu una lita 1,360 za oksijeni, unamvusha mgonjwa anayevuta lita 2 kwa dakika kwa muda wa saa 11 hivi. Akifika lita 4, gawa kwa mbili. Unalipia muda huo uwepo, utumike usitumike. Mtungi uliolala kwako hauwezi kulala kwa mgonjwa mwingine, na kabla haujatoka tumeshapima presha na kuikagua regyuleta (kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye valvu) kama inavuja.

"Sisi tuna inveta." Ya taa na tivii, sawa. Betri moja ya volti 12, ampea-saa 100, kwa hesabu za kalamu ingeivuta mashine saa tatu na kidogo. Kwa kuwa betri ya asidi haitakiwi kukaushwa chaji, tegemea saa moja na nusu. Jenereta la petroli nalo msilitie koridoni: moshi wake unaua na wazima.

Kijana mmoja wa Mbagala alibana hela kwa kuazima mtungi wa fundi wa kuchomelea. Tulikuta valvu ina grisi, na jiko la mkaa liko hatua tatu. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti! Regyuleta yetu aliilazimisha kwenye mtungi huo hadi uzi ukakatika, akailipa kwa bei inayozidi kodi ya mtungi ya miezi mitatu.

Lakini kisa kisichonitoka ni cha masika ya 2024, maji yalipojaa Bonde la Msimbazi. Familia ilimbeba mama yao, ikaokoa friji, godoro, hadi kuku. Chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali, ikabaki chini ya kitanda, pamoja na kadi ya kliniki. Mofini haipatikani duka la dawa la mtaani, na sisi hatuiuzi. Mama yule alilia siku mbili. Tangu hapo nesi wetu hatoki nyumbani kwa mteja bila kutundika mfuko mlangoni, juu: dawa, nakala ya cheti cha dawa, saa ya dozi ya mwisho, pedi, namba ya jirani mwenye gari. Na kabla ya Pasaka au Idi anaangalia chupa imebaki kiasi gani.

Dada wa Tabata, amana yako tumesharudisha, kodi haturudishi. Kosa letu ni kutokukueleza siku ya kwanza, kwa hiyo sasa mtungi una mstari wake kwenye bili. Asiyeutaka anasaini kuwa ameukataa. Wiki hii wamesaini wawili, na mmoja ameshatupigia saa nane usiku.