Laini za waokoaji zipewe kipaumbele

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niisihi Mamlaka ya Mawasiliano (CA) iyalazimishe makampuni ya simu kuzipa kipaumbele laini za wazimamoto, wahudumu wa ambulensi na waokoaji wengine jijini Nairobi.

Kunapotokea mkasa kama mlipuko wa gesi wa Embakasi wa Februari 1, 2024, kila mkazi hushika simu: huyu anamtafuta mtoto, yule anatuma video, mwingine anapiga 999. Mnara ulio karibu huelemewa, na dereva wa ambulensi anayetaka kujua ni hospitali ipi yenye nafasi huambiwa mteja hapatikani, ilhali mnara ni mzima na umeme upo.

Teknolojia ya kuzuia hali hii ipo tangu zamani. Kwa viwango vya kimataifa, kila laini ina daraja lake: sisi wananchi wa kawaida tumo katika madaraja ya 0 hadi 9, na ya 11 hadi 15 yametengewa watumiaji maalumu, huduma za dharura zikiwa katika la 14. Mnara ukizidiwa, kampuni inaweza kuyafungia madaraja ya chini kwa muda ili ya juu yapite.

Hata hivyo, usajili lazima utangulie mkasa. London iliposhambuliwa kwa mabomu Julai 7, 2005, utaratibu kama huu ulitumika karibu na kituo cha Aldgate, lakini baadhi ya waokoaji hawakuwa na simu zilizosajiliwa. Hapa kwetu polisi walijengewa mtandao wao baada ya shambulio la Westgate, jambo ninalolipongeza kwa dhati. Lakini vijana wa kujitolea wa mitaani, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufika na kuanza kufukua vifusi kwa mikono, hawana ila simu zao za mfukoni.

Ninachohofia ni orodha hiyo kujazwa laini za waheshimiwa na wapambe wao. Isajiliwe kwa kazi, si kwa cheo, na simu za wananchi kwenda 999 na 112 zisizuiwe kamwe. Serikali ya Kaunti na Shirika la Msalaba Mwekundu waiandae, kisha makampuni yaifanyie majaribio hadharani kabla ya mvua za Machi kuanza kufurika Mathare.

Mkazi wa Donholm,
Nairobi