YAH: RAMANI YENU KUPAKA RANGI MAHALI VIHISI VIMEKUFA

Katibu,
Kikundi cha Wakulima wa Mwani,
Mlingotini, Bagamoyo.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi chetu kililipia mtandao wa vihisi visivyotumia waya vya kupima joto na chumvi ya maji shambani, pamoja na ramani ya rangi tunayoifungua kwenye simu. Lengo, kama mlivyotueleza wenyewe, maji yakipata moto akina mama wawahi kuvuna kotonii, aina ya mwani tunaoufunga kwenye kamba baharini, kabla haijapauka na kukatika.

Bamvua iliyopita, yaani siku za maji kujaa na kutoka sana, ramani ilikuwa kijani tupu, kana kwamba maji ni salama. Maji yalipotoka tukashuka: mwani wa upande wa mkondo umeshakuwa mweupe, ukigusa tawi linadondoka. Kijana wetu akafungua kihisi kimoja, akakuta betri imekufa na kutu imejaa kwenye kiungo cha antena. Kwenye simu, kihisi hichohicho kilikuwa bado kinasoma nyuzi 28.

Vihisi hivi hupokezana taarifa hadi kwenye kipokezi kilicho ghalani. Vilivyo karibu na ghala hubeba mzigo wa vyote vilivyo nyuma, kwa hiyo betri zao huwahi kuisha, na vikizimika vya nyuma huwa bubu hata kama ni vizima. Mtu wa fani yenu analijua hilo. Tena antena mmezifunga chini mno: bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3 pwani hii, na mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi.

Lililotukera zaidi ni ramani yenyewe. Kihisi kikinyamaza, programu inashikilia kipimo cha mwisho, kisha inakisia na kumwaga rangi eneo lote kana kwamba kila kamba imepimwa. Grafu nayo inatoa wastani wa siku: mchana maji yakiwa ya magotini yanaunguza, usiku yanapoa, wastani unatoka mzuri. Mwani haufi kwa wastani. Heri mngetuachia pengo, tungetuma mtu akaguse maji.

Tunataka mbadilishe betri, mpandishe antena, ramani ionyeshe kila kipimo ni cha saa ngapi, pasipo na kipimo pasipakwe rangi, na grafu itoe joto la juu kabisa la siku. Hadi hapo, ada ya mwezi tumeisitisha.

Fundi akija, aje maji yakiwa yametoka. Yule wa mwisho alikuja yamejaa, akapiga picha ghala, akaondoka.

Katibu wa Kikundi