Nyonyo haina mbadala wa kukisia, na methanoli isikae kwenye chupa ya maji

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi niongee na vijana wanaorusha ndege za modeli, zile ndogo za injini, maana siku hizi wanazidi kuongezeka na wengi wanachanganya mafuta yake wenyewe nyumbani, yaani methanoli (aina ya pombe ya viwandani yenye sumu) ya kuwaka na mafuta ya nyonyo ya kulainisha, kwa kuwa ya dukani yaliyo tayari ni bei kali na mara nyingi mpaka uagize nje. Kuchanganya mwenyewe si kosa kabisa, hata mimi nachanganya, shida ni kukisia.

Mpwa wangu alipata injini iliyotumika, cc 6 na nusu, nzima kabisa. Akanunua methanoli duka la kemikali, mafuta ya nyonyo akakosa, akaona oili ni oili tu akamimina ile ya tustroku wanayotumia watu wa chenso, tena kidogo, maana chenso inakula kipimo kimoja cha oili kwa 50 za petroli na yeye akajua ndo hivyo hivyo. Injini iliwaka vizuri, dakika mbili hazikufika ikalia vibaya ikakamata. Tulipoifungua pistoni ina mikwaruzo juu mpaka chini na konrodi imelika. Nililia moyoni jamani, ile injini ingekaa miaka.

Sasa kilichotokea ni hiki. Oili ya injini za petroli, kama hiyo ya tustroku, haiyeyuki kwenye methanoli. Ukitikisa utadhani imechanganyika, ukiiacha inashuka chini ya tenki na injini inanyonya methanoli kavu. Hata mafuta ya alizeti au ya nazi hayakubali, ila nyonyo inayeyuka, ndio maana inatumika tangu enzi za vita ya kwanza ya dunia, ndege za kivita za injini za kuzunguka zilikuwa zinatumia hiyo hiyo nyonyo na jina la kampuni ya oili ya Castrol lenyewe limetoka kwenye castor, ndo jina la nyonyo kwa Kiingereza. Alafu kipimo chake si cha chenso. Hizi injini ndogo zinazunguka mara zaidi ya 10,000 kwa dakika, nyingi pistoni zake hazina ringi, kwahiyo mafuta ya nyonyo ndo yanalainisha, ndo yanaziba na ndo yanatoa joto nje pamoja na moshi. Kipimo ni asilimia 20. Yaani kwa lita moja, methanoli mililita 800 na nyonyo mililita 200, na kama una mizani ya jikoni ni bora zaidi, gramu 632 za methanoli na gramu 192 za nyonyo. Nitro, ile kemikali ya nitromethane wanayoongeza kwenye mafuta kupata nguvu, achana nayo, mbio za kimataifa za ndege za modeli zinazorushwa zikiwa zimefungwa kamba zinatumia mchanganyiko huo huo wa 80 kwa 20 bila nitro na zinapita kilomita 280 kwa saa.

Nyonyo ya kupaka nywele angalieni sana, nyingine ina manukato au imechanganywa na mafuta mengine. Ijaribuni hivi, weka vipimo vinne vya methanoli na kimoja cha nyonyo kwenye chupa ya kioo safi, tikisa, iache usiku kucha. Asubuhi ikiwa angavu rangi moja ni nzuri, ikiwa na ukungu au tabaka chini usiiguse injini nayo. Na mfuniko ukazwe muda wote, methanoli inanyonya unyevu wa hewani na hayo maji yanakuja kuoza beringi.

La pili ndo linalonikosesha usingizi. Nimeona kwa macho yangu methanoli kwenye chupa ya maji ya kunywa, imewekwa dirishani, watoto wanapita! Methanoli haina rangi, harufu yake ni kama ya pombe, na mililita 10 tu zinaweza kumpofusha mtu, 30 zinaweza kumuua. Majirani zetu Kenya mwaka 2014 walizika watu zaidi ya 80 kwa pombe iliyotiwa methanoli. Tena aliyekunywa anaweza kukaa saa nyingi anaonekana mzima, sumu inatengenezeka taratibu mwilini, kwahiyo akinywa hata funda moja mkimbizeni hospitali hapo hapo na mseme wazi ni methanoli, msisubiri macho yaanze kuona ukungu. Inapita hata kwenye ngozi, vaeni glavu. Na ikishika moto mchana mwali hauonekani, utasikia joto tu, kwahiyo changanyeni nje, mbali na jiko na sigara, ndoo ya maji iwe karibu maana maji mengi yanaizima.

Mimi galoni langu ni la chuma, limeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu pande zote mbili, linakaa stoo yenye kufuli na funguo ninayo mwenyewe. Mpwa wangu tumempa la kwake wiki iliyopita, akaliandika mwenyewe.

Mpenzi wa ndege ndogo,
Arusha