Jina langu limetoka awamu ya kwanza!

Shoga angu,

Hujambo? Shangazi naye anaendeleaje na mguu? Huku Mtwara sie wazima kabisa, mama anakusalimia.

Shoga nimepata chuo! SUA, kile Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine Morogoro, kozi ya agronomia, yani kilimo cha mazao, tena awamu hii hii ya kwanza ya udahili. Nilikuwa nimechaguliwa pia na chuo kingine cha huko Dar, so TCU, wale wa Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka uthibitishe kimoja, usiku ule ule nikathibitisha SUA, hata usingizi sikupata vizuri kwa furaha.

Yani mi kukosa sikuwa naogopa sana, matokeo yangu ya CBG (kemia, baiolojia na jiografia) si unayajua. Kilichokuwa kinanimaliza ni kungoja. Unamkumbuka dada, yeye alipata awamu ya tatu, chuo kinakaribia kufunguliwa ndo jina linatoka, mama kauza kuku wote, mjomba anazunguka kukopa, nyumba nzima hakuna anayeongea na mwenzie vizuri, na bado akafika chuo hana godoro. Sasa mimi tunapanga taratibu. Mjomba kule Tandahimba kasema nisiwaze, minada ya korosho ikianza Oktoba hela ya kuanzia itapatikana, na mkopo wa Bodi ya Mikopo nikiupata ndo raha zaidi. Mama kaanza hata kuimba jikoni, hajaimba muda mrefu yule.

Na agronomia unajua kwanini. Kila mwaka mikorosho ikitoa maua roho juu, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukiwahi umekwisha, na kupulizia salfa, dawa yake, nako ni hela. Pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, wametoa mbegu nzuri tu lakini kijijini kwa mjomba bado watu wanahangaika na mikorosho ya mababu, mikubwa halafu haizai. Nataka niwe mtu wa kukaa nao chini ya mti na kuwaelekeza kwa Kimakonde chetu mpaka waelewe.

Vipi wewe, jina limetoka? Kama bado usikae kinyonge, dirisha la awamu ya pili likifunguliwa omba mapema, afu usirudie kozi zile zile ambazo kila mtu anazikimbilia, angalia zenye nafasi. Nipigie tuangalie wote, bando ninalo.

Afu niombee kwa shangazi nilale hapo usiku mmoja nikiwa naenda Moro, mana basi la huku linaingia Dar jioni na mizigo nitakuwa nayo mingi. Korosho za kubangua nitamletea.

Wako wa siku zote