Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Ugonjwa wa Utumbo Unaofuata Maendeleo

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu magonjwa mawili sugu ya kuvimba utumbo, yaani kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn, ambayo hapa Tanzania bado huhesabiwa kuwa ya Wazungu. Mimi ninaugua hilo la kwanza. Kabla ya kulijua, nilitibiwa amiba mara nne, taifodi mara mbili na bawasiri mara moja, na choo kikaendelea kutoka na damu. Siwalaumu walionihudumia, kwa kuwa hawakuwa na kipimo cha kuwaonyesha vinginevyo.

Kolaitisi ilipewa jina London mwaka 1859, na Crohn ikaelezwa New York mwaka 1932, miji ambayo tayari ilikuwa imekolea viwanda. Katika karne ya 20 wagonjwa waliongezeka Ulaya na Amerika Kaskazini, hata leo katika baadhi ya nchi hizo wamezidi 3 kwa kila watu 1,000. Na tangu miaka ya 1990 kasi ya ongezeko imehamia nchi zinazoinukia, kama Brazil, India na China. Watoto wa wahamiaji wa Bara Hindi waliozaliwa Uingereza nao wameonekana kuugua kwa viwango vinavyokaribia vya wenyeji, jambo linaloonyesha kwamba asili ya mtu pekee haitoshi kueleza maradhi haya. Wanaoshukiwa ni vyakula vilivyosindikwa mno na antibayotiki za utotoni, ambazo huvuruga bakteria wa tumboni. Mheshimiwa, antibayotiki hizo kwetu hununuliwa duka la dawa bila cheti, kama peremende.

Tanzania iliingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini Julai 2020. Sisemi turudi nyuma, kwani hakuna anayetamani umaskini ili apone tumbo. Ninachoomba ni hospitali za rufaa za mikoa ziwezeshwe kupima utumbo mpana kwa kamera na kukata kinyama cha uchunguzi, tena pawepo mtaalamu wa kukisoma. Hili lina uzito wa pekee hapa kwetu, kwa sababu kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn, na mgonjwa wake akipewa kimakosa steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe ambazo hupunguza kinga ya mwili, bila dawa za kifua kikuu, maradhi huweza kusambaa mwilini.

Aidha, sulfasalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iwe miongoni mwa dawa zinazolipiwa na bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023. Wagonjwa nao waandikishwe katika rejista moja ya kitaifa, ili bajeti ijayo isipangwe kwa kubahatisha.

Wako mtiifu,
Mwalimu na mgonjwa, Morogoro