Waulizeni wao ni nani

Mhariri,

Habari yenu ya karibuni kuhusu watu wanaolala mitaani iliandikwa kwa nia njema, nami nashukuru kwamba hamkulipuuza jambo hili. Hata hivyo kuna kitu nilikitafuta ukurasa mzima nisikione. Alizungumza ofisa wa ustawi wa jamii, akazungumza mwenye jengo aliyechoshwa na watu wanaolala barazani kwake, na mtaalamu wa mipango miji naye akazungumza. Wenye habari yao walitokea kwenye picha tu, wamejifunika gubigubi.

Mimi hujitolea usiku katika nyumba ya hifadhi, na kazi yangu ni kukaa mlangoni na kuandika majina ya wanaoingia. Ni nadra sana mtu kuanza kwa kusema hana makazi. Mmoja atakwambia yeye ni fundi muashi, na kweli mfukoni mwake mna mwiko na pima maji, ingawa ni siku nyingi hajaitwa kazini. Mwingine ni dereva wa malori. Mwanamke mmoja alijitambulisha kwa kutaja watoto wake, mmoja mmoja, na darasa alilofika kila mmoja, kabla hata sijafungua daftari. Ukiwauliza kuhusu mahali pa kulala watasema, "Kwa sasa nimekwama kidogo." Msidhani wanajidanganya. Kukosa nyumba ni jambo lililowapata. Ufundi, udereva na uzazi walikuwa navyo kabla ya hapo, na hakuna mwenye nyumba aliyeweza kuvizuia ndani wakati anawatoa.

Wanasosholojia David Snow na Leon Anderson waliliangalia jambo hili kwa makini mjini Austin, Texas, wakachapisha matokeo yao mwaka 1987. Walikaa na watu wa mitaani, wakasikiliza namna wanavyojizungumzia. Walisikia namna tatu. Wapo waliojitenga na wenzao: mimi si kama hawa, mimi napita tu. Wapo walioyakubali maisha yale na kujivunia kuyamudu, au kujivunia kwamba wao ndio wanaowalinda na kuwafundisha wageni wa mtaani. Na wapo waliosimulia habari za jana iliyopambwa, au za kesho yenye kazi, pesa na nyumba. Walioingia mtaani karibuni ndio waliojitenga zaidi. Waliokaa miaka walielekea zaidi kuyakubali.

Kwangu mimi, zito zaidi katika utafiti huo ni hili: watu wale walihangaikia heshima yao huku wakiwa hawajui watakula nini. Tumezoea kudhani kwamba mtu hushiba kwanza, akapata mahali pa kulala, ndipo aanze kujiuliza yeye ni nani. Mlangoni ninapokaa sijawahi kuona mpangilio huo.

Na sipendi kabisa zile simulizi zikiitwa uongo. Anayesema wiki ijayo kaka yake atamtumia nauli huenda hajazungumza na kaka huyo kwa muda mrefu. Lakini anakueleza kwamba ana kaka, kwamba kuna mahali alikotoka na anakoweza kurudi, kwamba yeye ni mtu wa watu. Hayo ni kweli, hata kama nauli haitafika.

Tusipoelewa haya tunaishia kusema kwamba watu hawa wanakataa msaada, kama alivyosema ofisa mmoja katika habari yenu. Kwa mtu ambaye bado anajishikilia kwa kusema "mimi si kama hawa", kusimama kwenye foleni ya nyumba ya hifadhi mbele za watu ni kukiri kwamba sasa yeye ni kama hao. Akiingia ndani anakuta hifadhi nyingi zinampangia saa ya kulala na saa ya kuamka, zinapekua mzigo wake, zinamtenga na mkewe. Mtu mzima aliyewahi kuendesha familia anarudishwa utotoni. Ndiyo maana wengine huona heri baraza.

Wapo pia ambao hawatafika mlangoni kamwe kwa sababu hawajioni kuwa miongoni mwa wasio na makazi. Mtu wa namna hiyo analala kwenye kochi la ndugu, au ndani ya gari, au katika chumba ambacho anaweza kutolewa wakati wowote. Shirikisho la Ulaya linaloshughulikia suala hili, FEANTSA, lilitoa mwaka 2005 uainishaji unaowaweka hata hao ndani ya hesabu, pamoja na wanaolala nje. Wenyewe, ukiwauliza, watasema wamejishikiza tu kwa muda. Hawaombi msaada, na hesabu nyingi zinawaruka.

Kuna na upande wetu sisi tunaotazama. Mwaka 2006 Lasana Harris na Susan Fiske wa Chuo Kikuu cha Princeton walieleza jinsi walivyopima ubongo wa watu wakiwaonyesha picha za makundi mbalimbali. Sehemu ya ubongo ambayo kwa kawaida huamka tunapomfikiria binadamu mwenzetu ilibaki imelala kwa kiasi kikubwa walipoonyeshwa picha za watu wasio na makazi na za watumiaji wa dawa za kulevya. Baadaye watafiti hao waliona kwamba mtazamaji akiulizwa kama mtu huyo pichani anapenda mboga fulani, sehemu hiyo huamka. Swali dogo kiasi hicho! Kumfikiria mtu kuwa ana analopenda na asilolipenda kulitosha. Nanyi mliwapa wasomaji wenu picha ya watu waliofunikwa, bila swali lolote.

Sheria nazo zimechangia. Sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 ilifuatwa katika makoloni mengi, na chini ya sheria za namna hiyo mtu alikamatwa kwa jinsi alivyo, bila tendo lolote la kumdhuru mwingine. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria hizo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ikiwemo haki ya mtu kuheshimiwa utu wake. Ningependa kuona gazeti lenu likiuliza maoni hayo yametekelezwa kwa kiasi gani.

Ipo njia inayoanza na kumheshimu mtu. Mwaka 1992 Sam Tsemberis alianzisha New York mpango wa kuwapa watu nyumba kwanza, bila kuwataka wathibitishe kwamba wanastahili, na huduma nyingine zikafuata kwa hiari yao. Finland iliifanya njia hiyo kuwa sera ya taifa mwaka 2008, na mabweni yakageuzwa kuwa nyumba zenye mikataba ya upangaji. Mwenye mkataba ana funguo na anwani, na barua zinamfikia kwa jina lake. Ni mpangaji.

Ombi langu kwenu ni la kikazi. Mwandishi wenu akirudi kwa watu hawa, asiwafuate usiku wakiwa wamelala. Aende mchana, aulize kila mmoja angependa kuitwa nani na atambulishwe kwa lipi, kisha aandike hivyo hivyo. Picha ipigwe kwa ridhaa yake, na akitaka kushika mwiko wake mkononi, aachwe aushike. Asiyetaka kutajwa aheshimiwe. Na ofisa akisema watu wanakataa msaada, aulizwe masharti ya msaada wenyewe ni yapi, na jibu lake lichapishwe ukurasa huo huo na maneno ya waliokataa.

Msomaji wenu